Nilivyowaambia Watoto wa Chekalini Jino ni Mahindi

Nyinyi mnaonionanga nimeketi hapa nje nikichambua maharagwe, mnadhani nilizaliwa nikiwa nyanya. Wacha niwaambie. Hii mikono mbili mnaona imeshika vichwa vya watoto kuliko kinyozi yeyote wa Kakamega, na uongeze wa Bungoma. Kutoka Matungu mpaka Likuyani, kama ulitolewa jino ukiwa shule ya msingi, na ulikuwa unarusha mateke kama punda ameona fisi, basi kichwa chako kilikaa kifuani kwangu. Nikikutana na wewe sokoni na ndevu zako sitakukumbuka uso. Lakini nipe kisogo chako nikishike kidogo, nitakuambia ni jino gani lilitoka na kama ulilia ama ulijikojolea.

Kwa karatasi ya kazi niliandikwa mfagiaji. Shule mimi niliingia mara moja kupeleka maziwa ya mwalimu, nikatoka. Kwa hivyo wakati nilipata kazi ya kufagia kliniki ndogo ya meno huku upande wa Lugari, nilishukuru Mungu, nikanunua leso mpya, nikaenda kufagia. Nilifagia siku mbili. Siku ya tatu nikapanda cheo bila mtu kunipandisha.

Daktari wetu aliitwa Mulama, mtu wa upande wa Butere, mwembamba kama mti wa bendera, na mpole mpaka ukimkanyaga kidole yeye ndiye anakwambia pole. Siku hiyo aliletewa mtoto wa miaka saba hivi, jino limebaki kama kisiki cha mti uliochomwa. Akamwambia fungua mdomo. Mtoto akafungua. Daktari akaingiza kidole. Mtoto akafunga. Mimi niko kwa mlango na ufagio wangu, naona daktari anatoka machozi bila sauti, kidole kiko ndani, na mama ya mtoto amejificha uso kwa aibu.

Nikaweka ufagio chini. Nikaketi sakafuni, nikavuta yule mtoto, nikaweka kichwa chake katikati ya magoti yangu, uso ukiangalia juu, mkono mmoja kwa paji, mwingine chini ya kidevu. Mtoto akatulia. Kidole kikatoka. Jino likatoka. Daktari akaniangalia kama mtu ameona ng'ombe anaendesha trekta.

Hakukuwa na maajabu hapo. Mtoto wa kwetu, awe mkali namna gani, amezoea kitu kimoja tangu akiwa mdogo: kichwa kwa magoti ya nyanya. Msichana anasukwa hapo, mvulana ananyolewa na wembe hapo. Ukishikwa hapo unajua ukisonga utakatwa sikio, basi unakuwa mpole na unangoja. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu yote. Daktari alisoma miaka mingi, mimi nilisuka nywele miaka mingi, tukakutana kwa mdomo wa mtoto.

Tangu hiyo siku watoto wakaniita Mama Kichwa. Jina langu ni Rasoa, lakini hata mshahara ungekuja na jina la Mama Kichwa ningepokea.

Sasa nyinyi mnaoenda kufanya hii kazi, na najua wako hapa ambao wanasomea, sikizeni kitu kimoja ambacho hakiko kwa vitabu. Usimwambie mtoto haiumi. Ukimwambia haiumi na iume, umemaliza hiyo kliniki kwa hiyo familia mpaka mjukuu wa tatu. Mwambie itafinya, kama siafu akikuuma, halafu itaenda. Na sindano isipite mbele ya macho. Daktari Mulama alikuwanga anaipitisha chini, kwa upande wa sikio, huku mimi nauliza mtoto ng'ombe yao inaitwa nani. Ukiona mtoto amefikiria jina la ng'ombe, sindano imeshaingia. Nimejua majina ya ng'ombe wa Lugari wote. Kuna moja Likuyani iliitwa Waziri.

Siku za mwanzo vyombo vilichemshwa kwa sufuria kubwa, mimi nikichochea jiko kama napika sherehe. Siku hizi kila koleo linakuja limefungwa kwa karatasi yake kama zawadi ya harusi, na kuna dawa wanapakanga watoto kwa meno mazima, inang'aa, inasaidia jino lisioze. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni gundi, nikamuuliza daktari kama tunawafunga midomo. Alicheka mpaka akaketi.

Makosa nayo nilifanya, si haba. Mnajua mtoto akitoka jino la utoto anarusha juu ya nyumba ili lingine lije. Mimi kwa huruma nikawa nawapatia meno yao wakarushe juu ya mabati ya kliniki. Kumbe kwao nyumba za nyasi zilinyamazanga. Mabati hayanyamazi. Ikifika saa nne ungedhani ni mvua ya mawe. Mvua ya kweli ilipokuja, mfereji wa paa ukaziba, maji yakashuka ndani, na fundi aliyepanda kuzibua alishuka mbio akisema kuna mtu amezikwa huko juu. Nasema meno yalijaa debe mbili. Daktari alisema ni kikombe. Kila mtu na kipimo chake.

Kosa lingine lilikuwa la mdomo. Tulikuwa tunaenda mashuleni, mimi, daktari na dereva, na masanduku mawili. Tukipangiwa kwenda Matungu na Mumias, mimi nikatangaza kwa gari kwamba huko tutapata midomo imeoza yote, kwa sababu watoto wa huko wanazaliwa na miwa mdomoni. Nikaweka dau la kuku. Nikasema nikikosea, ingokho yangu yenye madoadoa ni ya daktari.

Tulifika shule moja Matungu, mzee mmoja wa kamati, Mzee Rajabu, akatupokea na salamu alekum ndefu na kutuuliza habari za nyumba zetu mpaka za paka. Watoto wakapanga laini. Wa kwanza, meno meupe. Wa pili, meupe. Wa tatu nikamwambia afungue tena, nikadhani ananificha. Wengi wao nyumbani wanatumianga ule mti wa mswaki kabla ya kuswali, asubuhi na jioni, na mzee akiangalia. Walioharibika walikuwako pia, sisemi hawakuwako, na wengi walikuwa wale wa kituoni, wa karibu na maduka. Daktari akanieleza tukirudi. Alisema miwa pia ni sukari, nisiende kudanganya watu eti miwa haina shida. Lakini mtoto anatafuna, anatema, anamaliza, anaenda kucheza, mate yanaosha. Ile inaua jino ni peremende inayokaa shavuni kutoka kengele ya kwanza mpaka ya chakula, na chai ya sukari nyingi mara nne kwa siku, na biskuti iliyonata halafu mtoto analala nayo.

Na wapi tulipata mbaya zaidi? Huku kwetu. Huku Lugari kwa wakulima wenyewe, wenye mahindi ghalani na maziwa ya kuuza, watoto wa viatu. Mahindi yakiuzwa mtoto ananunuliwa soda kwa upendo. Mgeni akija analeta peremende kwa upendo. Nimeona upendo umeoza mpaka mzizi. Kuku yangu akaenda Butere.

Sasa ndiyo nafika pale nilitaka kufika, kwa sababu hii nyingine yote ni ya kuchekesha na hii si ya kuchekesha sana.

Tukifika shule, daktari alikuwa anasimama mbele ya watoto anawaeleza kwamba mdomoni kuna vidudu vidogo sana, macho hayawezi kuviona, vinakula sukari na vinaacha maji makali, hayo maji ndiyo yanatoboa jino. Anaeleza vizuri, polepole. Watoto wanalala. Mimi nikaona hii maneno ya vitu havionekani hakuna mtoto anabeba nyumbani. Siku tulifika shule moja pale Chekalini, nikamwomba daktari aniachie hapo mbele dakika mbili.

Nikawaambia watoto jino ni punje ya mahindi. Nikawauliza mahindi ghalani inaingiliwa na nani. Wakapiga kelele, wadudu. Basi nikasema hao hao ndio wako mdomoni mwako. Nikawachora: ana miguu sita, ana pua ndefu, anatoboa jino kama anavyotoboa punje, anaingia, anafunga mlango, anaita bibi yake, wanazaa watoto kumi na wawili, wanapika chai kwa sukari yako. Usiku unasikia uchungu kwa sababu wanahamisha viti. Watoto walicheka mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini. Nikawaonyesha mswaki, dawa kidogo kama punje ya mahindi, asubuhi na kabla ya kulala, ukimaliza unatema na hunywi chai tena. Wote waliimba pamoja na mimi. Nilirudi kwa gari nimefura kama andazi. Daktari akaniambia tu kwamba hiyo ya pua ndefu ningeiacha. Mimi nikasema si wamesikia.

Walisikia. Hiyo ndiyo ilikuwa shida.

Siku hiyo hiyo tulikagua meno, na kati ya watoto kulikuwa na msichana wa miaka tisa, Nafula, mtoto mtulivu, ana shimo kwa gego la chini upande wa kulia. Jino la ukubwa, si la utoto. Daktari akampa karatasi apeleke nyumbani, aje kliniki wiki hiyo lizibwe kabla halijafika mbali. Hakuja. Muhula uliofuata tukarudi Chekalini, nikaita majina ya walioandikiwa karatasi, Nafula hayuko. Wenzake wakaniambia ni mgonjwa, yuko nyumbani, lakini wadudu wametolewa tayari, mara tatu. Wakaniambia hivyo kwa furaha, kama kuniletea habari njema.

Nikamwambia daktari, tukatembea mpaka kwao, si mbali na shule.

Nafula alikuwa anaishi na nyanya yake, mama yake anafanya kazi Nairobi. Kukhu Nanjala, kila mtu alimwita hivyo, maana kukhu kwetu ni nyanya. Mama mnene, mweusi, mwenye sauti ya kuita watu mlima mwingine, ekari zake amelima mwenyewe tangu mzee wake afariki. Alitusalimia mulembe, akatuketisha, akaleta chai kabla hatujasema tumekuja kufanya nini. Hiyo chai, kijiko kingesimama ndani peke yake. Daktari alikunywa yote. Huwezi kukataa chai ya kukhu.

Mtoto akatoka jikoni. Shavu la kulia limefura, ngozi inang'aa, na uvimbe umeshuka chini ya taya kuelekea shingoni. Mdomo ulifunguka vidole viwili tu. Alikuwa na moto wa homa mpaka nilipomgusa nikarudisha mkono.

Daktari Mulama hakuwahi kuharakisha kitu maishani, lakini hapo aliweka kikombe chini upesi. Akamweleza kukhu kwamba usaha umetoka kwa jino na unatafuta njia. Jino litoke leo, hapa, apewe dawa, na kesho aonekane tena. Likikaa, uvimbe ukifika kooni mtoto atakosa pumzi, na hapo hata hospitali kubwa ya mjini wanaweza kushindwa. Akampigia mama ya mtoto simu, na yule mama akalia, akasema kukhu ndiye anaamua, yeye yuko mbali.

Kukhu akakunja mikono. Akaeleza kwa heshima, kama anaeleza watu wageni njia. Mtoto alirudi kutoka shule akasema hospitali yenyewe imefundisha kwamba ni wadudu, wale wale wa mahindi. Sasa yeye ni mkulima. Mbegu yake ananing'iniza juu ya jiko, moshi unapita, mdudu hagusi, miaka yote. Na kuna mama mmoja upande wa chini anayetoa wadudu wa meno kwa moshi, anajulikana. Akampeleka. Wadudu wakatoka, akawaona kwa macho yake, weupe, wamejikunja, wanaelea kwa maji. Mara ya pili wakatoka. Mara ya tatu wakatoka wengi zaidi. Uvimbe ni wadudu wa mwisho wanahama. Bado kidogo. Kung'oa jino la mtoto wa kike, la ukubwa, na dawa inafanya kazi? Hapana.

Daktari akaanza tena ile habari ya vidudu havionekani. Nikaona macho ya kukhu yanamwambia huyu kijana ananiambia niache ninavyoviona nishike visivyoonekana.

Nikateremka kwa kiti nikaketi chini kwa mkeka, karibu na miguu yake.

"Kukhu, mimi ndiye nilisema hiyo maneno ya wadudu shuleni. Nilidanganya. Nilitaka watoto wacheke. Jino halina mdudu wa mahindi."

Akaniuliza kama mimi ndiye yule Mama Kichwa ambaye mtoto alirudi akiigiza jioni nzima, na bibi ya mdudu na viti. Nikasema ndiyo mimi.

"Sasa mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, "ulidanganya siku ile, ama unadanganya leo? Chagua moja nikae nayo."

Watoto wangu, nimetukanwa na walevi, nimeumwa vidole, nimetapikiwa leso mpya. Hakuna kitu kiliwahi kuniingia kama hicho. Kwa sababu alikuwa na haki. Maisha yangu yote nimeongeza chumvi, na mara moja nataka kupeana chakula bila chumvi, mwenyewe anauliza hiki ni chakula gani. Na mtoto ameegemea mlango, anapumua kwa mdomo.

Kulikuwa na kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, hata daktari. Senge yangu, dada ya baba, kule Idakho, alikuwa anafanya hiyo kazi ya moshi. Mimi nikiwa msichana ndiye nilichochea makaa. Na siku moja hakukuwa na mgonjwa, nikacheza peke yangu na vyombo vyake, nikaona. Nikamwambia senge. Akanichapa, halafu akanipa yai, akaniambia hiyo nimeze pamoja na yai. Nikameza. Alikuwa mtu mzuri, na mimi nadhani yeye mwenyewe aliamini. Alinilea. Sikutaka kutoa siri yake mbele ya watu akiwa kaburini.

Nikamuuliza kukhu kama yule mama wa moshi alimwachia zile mbegu za dawa anazochoma, za kurudia. Akasema ziko. Nikamwomba azilete, na karai ya maji, na jiwe kutoka kwa moto, na mafuta kidogo, na kile kibuyu kilichokatwa shingo kinachopitisha moshi mpaka mdomoni.

"Mtoto huwezi kumfukiza sasa, anaumwa," akasema.

"Mtoto akae pale pale."

"Sasa mdomo wa nani?"

"Hakuna mdomo."

Akasimama hapo na karai mkononi. Nikamwambia asiniamini, afanye mwenyewe, mimi nitakalia mikono yangu. Na nikakalia mikono yangu, kweli, hapo kwa mkeka, kama mtoto wa nasari. Daktari akasogeza kiti nyuma ili kukhu asiseme niko na msaada.

Kukhu akaweka jiwe la moto katikati ya karai, kichwa cha jiwe kimetoka juu ya maji. Akapaka mafuta. Akaangalia mbegu kwa mkono wake, upande huu na upande huu, hazina kitu. Akazimwaga kwa jiwe, akafunika na kibuyu. Zikaanza kulia, pa, pa, pa, kama bisi za mbali. Moshi ukatoka kwa shingo ya kibuyu ukaenda zake hewani, ukatoka kwa mlango, ukapita ng'ombe. Hakuna jino lililokuwa njiani.

Akangoja mpaka kelele ikaisha. Akafunua.

Walikuwa wanaelea. Weupe, wadogo, wamejikunja. Ni kiini cha mbegu tu, kikipata moto kinaruka nje, lakini ukiona unaapa ni mdudu. Kukhu akachota mmoja kwa kidole, akamleta karibu na jicho. Akamweka. Akachota mwingine.

"Hawa wametoka kwa jino la nani?" akauliza.

Hakuwa anatuuliza sisi. Akamwaga karai kwa majani ya ndizi, akarudisha mahali pake, akajipangusa mikono kwa leso. Halafu akamwambia daktari alete hiyo sindano yake kabla hajabadilisha nia.

Tukamwita dereva, akaleta sanduku na kiti cha daktari cha kukunja mpaka pale nje, kwa mwanga. Daktari akaosha mikono, akavaa glavu, akafungua koleo kutoka kwa karatasi yake. Mimi nikaketi chini, nikafungua magoti, nikamwita Nafula. Mtoto akanikataa. Alikuwa anaogopa, na alikuwa amesikia yote, kwamba huyu mama wa kuchekesha alikuwa anadanganya. Akarudi nyuma mpaka kwa ukuta.

Nikainuka. Nikamwambia kukhu aketi yeye. Nikamwonyesha: mkono kwa paji, mwingine chini ya kidevu, usibane shavu lenye uvimbe, na usimwambie haiumi. Akanitazama kama namfundisha kusonga obusuma, ugali wake mwenyewe. Alikuwa amemsuka huyo mtoto tangu nywele ya kwanza. Akaketi, mtoto akaja mwenyewe, akaweka kichwa pale anapojua.

Ganzi ilichelewa kushika kwa sababu ya usaha, na daktari alingoja, akaongeza, akangoja tena. Kukhu alikuwa anampapasa nywele na kidole gumba, anamwambia itafinya, mwana wanje, itafinya tu. Ikafinya. Nafula alitoa sauti moja ndefu, kukhu akafunga macho, na jino likatoka na mizizi yake miwili, na nyuma yake usaha ambao sitawaeleza kwa sababu mtakula saa hii. Nitasema tu mimi ninayeongezanga, hapo sikuhitaji kuongeza.

Daktari alikaa naye karibu saa nzima. Akampa dawa ya kumeza, akamwandikia kukhu masaa kwa kuchora jua likipanda na jua likizama. Akasisitiza kesho asubuhi amuone, na usiku pumzi ikibadilika wasingoje asubuhi, wapige simu gari litoke. Tulipokuwa tunafunga masanduku mdomo wa mtoto ulikuwa unafunguka vidole vitatu. Akaomba maji baridi. Akanywa, upande wa kushoto, akaniangalia. Hakunichekea. Hilo nilistahili. Alinichekea kesho yake, homa ikiwa imeshuka, lakini siku hiyo hapana.

Nikamwambia kukhu pole, mara ya pili. Nikamwambia nitarudi kwa ile shule niwaambie watoto wote kwamba nilikosea, na nilirudi, na nilisimama mbele nikasema, na hawakucheka hata kidogo, na ndiyo mara pekee nilisimama mbele ya watoto wakanisikiza kama kanisani. Lakini hiyo ilikuja baadaye. Wakati huo nilikuwa nimeinama naokota pamba zilizoanguka, nangoja anitukane nimalize.

Hakunitukana. Alikuwa bado ameketi pale pale chini, magoti wazi, ijapokuwa mtoto alishaingia ndani kulala. Alikuwa amejishika shavu lake mwenyewe, la kushoto. Nikaona anavyolishika, vidole viwili, polepole, na nikajua ni kitu anafanya kila siku. Wale wadudu wa kwanza alioona kwa karai hawakuwa wa Nafula. Baadaye aliniambia alikuwa anaenda kwa moshi yeye mwenyewe, kila baada ya mavuno, miaka kumi na kitu.

Akasimama, akaenda kwa kile kiti cha daktari cha kukunja, akaketi. Kiti kikalia. Akaniita na kichwa nije nyuma yake.

Nikaja. Nikaweka mkono kwa paji lake. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kinanuka moshi wa jikoni. Daktari akaanza kutayarisha sindano, akaipitisha chini, kwa upande wa sikio, na mimi kwa mazoea nikafungua mdomo nimuulize ng'ombe yake inaitwa nani.

"Usiniambie kitu," kukhu akasema. "Shika tu."

Nikashika.